AMANA YA MTOTO: WAZAZI WAPEWE HABARI ZA DARASA KILA JUMA

Katika Sura At-Tahrim, aya ya 7, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wajiokoe wao wenyewe na watu wa nyumbani kwao na Moto. (Sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo msomaji mwenye msahafu wa hesabu nyingine ataikuta amri hii katika aya ya 6.) Ndugu msomaji, tazama amri hiyo imeelekezwa kwa nani. Haikuelekezwa kwa mwalimu wa madrasa, wala kwa sheikh wa msikiti, wala kwa serikali. Imeelekezwa kwa wenye nyumba. Naye Mtume Mtukufu s.a.w., katika hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, amewafananisha watu wote na wachungaji ambao kila mmoja wao ataulizwa habari za kundi lake. Akamtaja mwanamume juu ya watu wa nyumbani mwake, na akamtaja mwanamke juu ya nyumba ya mumewe na watoto.

Basi mwalimu anaingia kwa mlango gani? Anaingia kwa mlango wa uwakili tu. Mzazi hana nafasi, au hana elimu ya kutosha, ndipo anamkabidhi mwingine sehemu ya kazi yake. Lakini kuulizwa kunabaki juu yake yeye. Na wakili yeyote duniani hutoa hesabu. Mtu akikuachia mbuzi wake umchungie, akaja jioni kukuuliza kama amekula na kama anachechemea, je, utamwambia asubiri mpaka mwisho wa mwaka? La, hasha! Na mtoto ni bora kuliko mbuzi.

Somo letu la leo ni hili: mwalimu wa watoto wadogo ana deni la kuwapa wazazi habari za darasa lake kila juma, na wazazi wana deni la kuzitaka habari hizo. Tena deni hili huzidi uzito pale mzazi anapokuwa ameingia katika Jumuiya juzi tu, au anapokuwa si wetu kabisa. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwani nimesikia walimu wema wakiona kinyume chake.

Kwa wasomaji wanaotuchunguza kwa mbali, yafaa nieleze kidogo. Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya imewapanga wavulana wa miaka 7 hadi 15 katika jamii iitwayo Atfalul Ahmadiyya, na wasichana wa umri huo katika Nasiratul Ahmadiyya, ambao hulelewa chini ya Lajna Imaillah, jamii ya akina mama iliyoanzishwa mwaka 1922 na Hadhrat Khalifatul Masih II r.a. Watoto hawa hujifunza kusoma Kurani Tukufu kwa kitabu cha Yassarnal Kurani, hujifunza sala na maana yake, dua za kila siku, hadithi fupi, na historia ya Islam na ya Jumuiya. Wengi wao ni wanafunzi wa shule za msingi, na darasa letu ni la mwisho wa juma au la jioni.

Sasa tazama hali ilivyo katika nyumba nyingi. Mtoto ametoka na kitabu chake chini ya kwapa, amerudi na njaa. Baba anauliza, “Umesoma?” Mtoto anajibu, “Nimesoma.” Mazungumzo yamekwisha. Mzazi hajui kwamba kwa majuma matatu mwanawe amekwama katika kutofautisha herufi ha na kha, na kwamba kila anapoitwa mbele wenziwe wanacheka, na kwamba ndiyo sababu ya tumbo linalomuuma kila Jumapili asubuhi. Mwalimu anayo habari, mzazi anayo dawa, na hawajakutana. Robo saa ya kukaa naye jioni tatu tu ingelimaliza jambo hilo.

Shule za msingi zina taarifa ya mwisho wa muhula, yenye alama na nafasi ya mtoto darasani. Siilaumu. Kenya iliondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ikaanza elimumsingi bila malipo mwaka 2016. Hiyo ni neema kubwa kwa maskini, lakini madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi atamwandikia nani barua ya kila juma? Walakini taarifa ya mwisho wa muhula humwambia mzazi kilichokwisha kuharibika. Darasa letu la dini, lenye watoto thelathini au arobaini, halina udhuru huo.

Ama kwa waliofanya baiati karibuni, habari ya juma ina faida ambayo wengi hawaifikirii. Mama aliyeingia Islam akiwa na watoto wanne hakupata utoto wa Kiislamu. Hakufundishwa dua ya kuingia msikitini alipokuwa na miaka saba. Anaisikia sasa kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwanawe. Akiletewa karatasi yenye dua hiyo kwa herufi za Kiswahili na maana yake, anajifunza pamoja naye, bila kuona haya, katika jiko lake mwenyewe. Nami nadhani karatasi hizo zimewafundisha akina mama wengi kuliko hotuba zetu.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa kwa uangalifu. Mtoto hujifunza upesi kuliko mtu mzima, na mtoto hana adabu ya kuficha ujuzi wake. Atamwambia baba yake mbele ya wageni, “Baba, hivyo sivyo wanavyokaa katika tahiyatu.” Baba huyo, ambaye ameacha mengi ili awe Mwislamu, anavunjwa heshima yake na mtoto wa darasa la pili. Mwalimu mwenye hekima hulizuia jambo hilo kabla halijatokea: humpelekea baba somo mapema, ili mtoto atakapofika nyumbani amkute baba anajua. Tusiwafanye watoto kuwa masheikh wa wazazi wao. Katika Sura Luqman, hata pale wazazi wanapomshurutisha mtoto amshirikishe Mungu, mtoto ameamrishwa asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema hapa duniani. Ikiwa mzazi mshirikina ana haki hiyo, mzazi Mwislamu anayejifunza kukaa tahiyatu ana haki kubwa zaidi.

Sasa nije kwa jambo lenyewe gumu. Katika mitaa yetu watoto hawatazami dini ya rafiki. Mtoto wa Ahmadiyya anakuja darasani, anafuatana na jirani yake ambaye baba yake ni Mkristo, au ni Mwislamu asiyekubaliana nasi. Mtoto mgeni anakaa mkekani, anapenda hadithi, anarudi juma la pili na la tatu. Baba yake anajua tu kwamba mwanawe amekwenda kucheza. Mwalimu afanye nini? Wapo wasemao, “Nyamaza. Mwenyezi Mungu ndiye aliyemleta. Ukimwambia baba, utampoteza mtoto.”

Mimi nasema: nenda kwa baba huyo kabla ya Jumapili ijayo. Mwambie jina lako, mwambie wewe ni mwalimu wa dini wa Jumuiya ya Ahmadiyya, mwambie mwanawe amekuja mara tatu na amefundishwa nini. Akisema mtoto asirudi, mtoto asirudi. Huenda ukampoteza mwanafunzi. Lakini ukinyamaza, umemficha mtu habari ya mtoto wake wa kumzaa, na katika Sura An-Nisa, aya ya 59, Mwenyezi Mungu anaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Tena tumejigamba miaka yote kwamba Islam haijui kulazimisha katika dini, tukitoa hoja kutoka Sura Al-Baqara, aya ya 257. Je, kumvuta mtoto wa miaka minane kwa siri si ndugu wa kulazimisha? Mtoto hana uwezo wa kupima hoja. Mwenye kumpimia ni mzazi wake.

Najua nitajibiwa kwa habari ya Hadhrat Ali r.a. Naye aliamini akiwa mtoto wa miaka kama kumi, na baba yake Abu Talib hakuwa amesilimu. Katika masimulizi ya Ibn Ishaq imo habari kwamba Mtume s.a.w. na Ali walikuwa wakienda katika mabonde ya Makka kusali mbali na macho ya watu, na ya Abu Talib pia. Basi, huulizwa, mbona wao walijificha?

Hoja hii ni nzuri, na yafaa ijibiwe kwa ukamilifu. Kwanza, Ali hakuokotwa njiani. Aliishi katika nyumba ya Mtume s.a.w. na kulelewa humo, kwa kuwa Abu Talib alikuwa na watoto wengi na mali chache, na yeye mwenyewe aliridhia mwanawe achukuliwe. Pili, siku zile kuonekana ukisali kulikuwa kujitia katika hatari, na jambo la hatari halifananishwi na darasa letu ambalo lina kibao mlangoni. Na tatu, lililo kubwa kuliko yote: Abu Talib alipowakuta wakisali akauliza dini hii ni dini gani, Mtume s.a.w. hakumzungusha. Alimweleza wazi anachoamini na Nani aliyemtuma, na akamwalika na yeye pia. Abu Talib hakuiacha dini ya wazee wake, lakini alimwambia mwanawe ashikamane na binamu yake, kwani hamwiti ila kwenye heri. Baba aliyeelezwa ukweli alitoa ruhusa bila kuamini.

Na wapo wengine watakaotaja habari za akina mama walioamini waume zao wakiwa hawajaamini. Mfano wao ni Ummu Sulaim r.a. wa Madina, mama yake Anas. Inasimuliwa kwamba aliposilimu alianza kumtamkisha Anas, naye mdogo, maneno ya shahada. Mumewe Malik alichukia, akamwambia asimharibu mwanawe. Ummu Sulaim akajibu kwamba hamharibu. Msomaji, jibu hilo ni fupi, lakini angalia lilivyotolewa: mbele ya mume, kwa sauti, bila kuficha. Hakumfundisha mtoto kwanza kusema uongo ndipo amfundishe kusema shahada. Malik aliondoka kwa hasira, akafia huko alikokwenda. Ilikuwa gharama kubwa kwake. Dada zetu wengi leo wako katika hali kama hiyo, mama ni Ahmadiyya na baba siye, na mwalimu anawaongezea mzigo kila anapomwambia mtoto asiseme kwa baba yake aliyojifunza. Habari ya juma katika nyumba kama hiyo iandikwe kwa majina ya wazazi wote wawili.

Mfano wake ni huu. Mwalimu wa darasa la wakubwa anaweza kuandika hivi: “Assalamu alaikum. Juma hili tumejifunza dua ya kuingia na kutoka msikitini, nayo imeandikwa nyuma ya karatasi hii. Tumesoma habari za Hadhrat Bilal r.a. na mateso aliyoyapata Makka. Tumeanza kuhifadhi Sura Al-Kauthar. Mwombeni mwanenu awasomee kabla ya kulala. Na mkiona anatamka tofauti na mlivyozoea, niulizeni mimi, msimgombeze yeye. Jumapili ijayo tutazungumza juu ya Nabii Isa a.s. Sisi tunaamini kwamba aliokoka msalabani, akafa kifo cha kawaida katika uzee wake, na kaburi lake liko Srinagar, Kashmir. Mzazi mwenye neno juu ya jambo hili anakaribishwa kukaa nasi siku hiyo.”

Sentensi zile za mwisho ndizo zenye kazi. Fikiri baba Mkristo yuko mezani na wageni wake, na mwanawe, katikati ya wali na maharage, anasema kwamba Yesu alizikwa Kashmir. Hapo ugomvi umezaliwa, na mtoto ndiye aliyewekwa katikati. Mwislamu anayengojea Nabii Isa a.s. ashuke kutoka mbinguni atachukia vile vile. Lakini baba huyo huyo akiwa ameipata habari siku sita mbele, kwa mkono wa mwalimu, anaweza kumzuia mtoto nyumbani siku hiyo, au kuja kubishana na mwalimu, mtu mzima kwa mtu mzima. Yote mawili ni bora kuliko mwanawe kuwa uwanja wa vita. Na itikadi yetu juu ya Nabii Isa a.s. si kitu cha kunong’onwa. Seyyidna Ahmad a.s. aliiandikia kitabu kizima mwaka 1899, na kimesomwa na marafiki na maadui.

Imebaki kueleza yale yasiyoandikwa, kwa maana kuna walimu ambao, wakishaambiwa watoe habari, hutoa zote. Anas r.a., yule mtoto wa Ummu Sulaim, aliwekwa na mama yake katika utumishi wa Mtume s.a.w. alipokuwa na miaka kama kumi. Katika Sahih Muslim amesimulia kwamba siku moja alikuwa akicheza na watoto, Mtume s.a.w. akapita, akawasalimu, akamtuma mahali. Akachelewa kurudi kwa mama yake. Mama akauliza nini kilichomchelewesha. Akasema ametumwa na Mtume s.a.w. Mama akauliza, ametumwa nini? Mtoto akajibu kwamba hiyo ni siri. Mama akamwagiza asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume wa Mungu.

Mama huyu aliuliza mara tu mtoto alipochelewa, hakungoja usiku. Alijua mwanawe yuko na nani, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa. Na alipojua aliyopaswa kuyajua, alisimama hapo. Kwa mwalimu, maana yake ni kwamba mtoto naye ana heshima yake. Mtoto akimweleza mwalimu kwamba anaogopa giza, au kwamba bado anakojoa kitandani, hayo hayaandikwi katika karatasi itakayosomwa na kaka zake. Kosa la mtoto mmoja halitangazwi kwa wazazi wa wenzake. Siku hizi walimu wengi wana kundi la wazazi katika simu. Ni chombo kizuri cha kupelekea dua na saa ya darasa, na ni kibaya mno kwa kusema kwamba mtoto wa fulani ameiba kalamu.

Lakini mtu asiigeuze hadithi hii ya Anas kuwa kichaka. Siri ile ilihusu shughuli ya Mtume s.a.w., haikuhusu jambo alilotendewa mtoto. Mwalimu anayemwambia mtoto, “Usimwambie mama yako tuliyofanya leo,” mzazi amtoe mtoto wake siku hiyo hiyo na alifikishe jambo hilo kwa wakuu wa Jumuiya, na kwa serikali ikibidi. Na mtoto akimwambia mwalimu jambo la kuumizwa au kuchezewa, iwe nyumbani au njiani, hapo hakuna siri ya kutunza. Kuna mtoto wa kuokoa.

Ninyi wazazi nanyi mna la kutenda. Wapo wanaopokea habari ya juma kama hati ya mashtaka. Wanasoma kwamba mtoto hakuhifadhi, wanachukua fimbo. Mwalimu akiona hivyo mara mbili, ataacha kuandika ukweli, na nani atamlaumu? Anas huyo huyo amesema kwamba katika miaka yote aliyomtumikia Mtume s.a.w. hakuambiwa hata neno la kuchukizwa, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hivi na kwa nini hukufanya vile. Na Seyyidna Ahmad a.s. alikemea vikali sana tabia ya kuwapiga watoto, akaihesabu kuwa ni namna ya shirki, kwani mpigaji mwenye hasira hufanya kama kwamba yeye ni mshirika wa Mungu katika kuongoza na kulea. Akataka badala yake wazazi wawaombee watoto wao dua kwa moyo unaoungua. Kwa hiyo mwalimu, unapoandika upungufu wa mtoto, andika pamoja nao kitu ambacho mzazi anaweza kukifanya jioni hiyo. Usiandike, “Juma ni mvivu.” Andika, “Juma msikilizeni akisoma mistari miwili kila siku baada ya Magharibi. Hata kama hamzijui herufi, kaeni naye.”

Najua walimu watasema kazi ni nyingi. Karatasi ya darasa zima ni moja, huandikwa mara moja, na mtoto mwenye mwandiko mzuri anaweza kuinakili. Maneno ya mtoto mmoja mmoja si lazima yawe kwa wote kila juma: ukiwa na watoto 40, andikia wanne kila Jumapili, na katika majuma kumi hakuna nyumba iliyosahauliwa. Anza na wale ambao wazazi wao hawaji msikitini. Mzazi asiyejua kusoma asipelekewe karatasi ya kumwaibisha. Mpitie nyumbani, au mpigie simu, umwambie kwa mdomo. Mtoto asiwe ndiye msomaji wa habari zake mwenyewe, maana nimewaona wanavyoziruka sentensi.

Na nyuma ya darasa uwekwe mkeka mmoja wa ziada kila siku, watoto wakijua ni wa nani. Mzazi yeyote, Ahmadiyya au asiye Ahmadiyya, akae hapo bila kuomba ruhusa, asikilize mpaka achoke.